Mtoto wetu anasomea kumtibu nani?

Mazungumzo ya radio kwa jamaa zilizohama na kwa viongozi wa vijiji

Jambo kwa wababa na wamama mlio kwenye site, chini ya mahema na katika nyumba za wenyeji waliowapokea. Jambo kwa wazee, kwa wachefu wa vijiji, kwa wakubwa wa komite, na kwenu vijana mnaosikiliza huku mnangoja simu ijae moto kwa jirani. Ni saa yetu ya kila juma ya kuongea juu ya amani na juu ya sheria ya inchi yetu.

Leo sitaanza na kifungu cha sheria. Nitaanza na barua.

Barua hii ilinifikia siku ya soko. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu juu ya karatasi iliyopasuliwa katika daftari ya shule, na imetiwa sahihi na watu saba wa komite ya site moja iliyo mbali kidogo na Bunia. Jina la site nalificha, na majina ya watu pia, maana wenyewe waliomba hivyo. Wanaandika kwamba katika site yao kuna binti mmoja, baba yake aliuawa, mama yake anauza makala. Binti huyo alipata diploma ya Taifa mbele ya vita kuwafukuza. Miaka mitatu iliyopita komite iliita mkutano, watu wakakubaliana kila jamaa itoe franka 500 kwa mwezi ili binti asomee ukunga kwenye chuo, kwa sababu katika site hakuna mtu wa kuzalisha wamama. Wakaandika prosè-verbali, wakatia sahihi na vidole. Pesa ikatoka. Si miezi yote, lakini ilitoka.

Sasa binti yuko mwaka wa tatu, wa mwisho. Chuo kimemtuma kufanya staji kwenye maternite ya kijiji kilicho ng'ambo ya mto, kijiji cha watu ambao, kwa maneno ya barua, «walitufanya tuwe hapa tulipo». Habari zikafika kwamba anazalisha wamama wa kule usiku na mchana. Siku moja alipiga simu kwa mama yake akasema: «Jana nilipokea watoto wangu wawili.» Watoto wangu! Neno hilo likazunguka site yote. Watu wengi sasa wanasema, basi wale wenye watoto ndio wamlipie. Transhi ya mwisho ya minervali haijalipwa, na asiyelipa hapangwi kwenye mtihani. Komite inaniuliza mambo mawili: je, sheria inaturuhusu kuacha kulipa? Na je, tunaweza kudai pesa tuliyokwisha kutoa?

Wandugu, niliisoma barua hii mara tatu. Kisha nilipanda moto nikaenda kuwaona, na kisha nikavuka mto. Nitawaeleza yote mawili. Lakini kwanza lazima tuelewe binti huyu anasoma nini, maana niligundua kwamba hata wale waliolipa miaka mitatu hawakujua vizuri wanalipa nini. Mzee mmoja aliniambia: «Metre, sisi tulifikiri anasomea kutoa dawa.» (Wananiita Metre. Mimi si avoka, nilisomea tu sheria chuoni, lakini nimechoka kuwasahihisha.)

Katika inchi yetu kazi ya afya ina milango zaidi ya mmoja, na jamaa nyingi zinapoteza pesa kwa sababu hazijui mlango gani unaingia wapi. Kuna shule ya sekondari ya uuguzi, tunaita ITM. Anayemaliza pale ni infirmie wa A2. Huyo bado hajafika chuo kikuu, ingawa kazi yake ni kubwa, na vituo vingi vya afya vya vijijini vimesimama juu ya mabega ya A2. Halafu kuna masomo ya juu, katika ISTM, yaani Taasisi ya Juu ya Ufundi wa Tiba, au katika vyuo vikuu vyenye idara za afya. Zamani mtu alisoma miaka mitatu akapata graduat, akaitwa A1. Akitaka lisansi aliongeza miaka miwili. Mfumo huo ulianza kubadilishwa mwaka wa masomo 2021-2022, ulipoingia ule unaoitwa LMD. Katika mfumo mpya lisansi yenyewe ni miaka mitatu, na kila mwaka una kredi 60, jumla 180. Master ni miaka miwili mbele yake. Kwa hiyo mtu akikuambia leo «lisansi ni miaka mitano, lipa ya mitano», muulize anaongea juu ya mfumo gani.

Na hiyo lisansi haiko ya uuguzi peke yake. Kuna ukunga, kuna labo, kuna lishe, kuna afya ya jamii, kuna wale wa kupiga picha za mwili, kuna wale wa kurudisha nguvu za viungo kwa mtu aliyevunjika au aliyepigwa risasi, kuna wale wa usimamizi wa hospitali. Wazazi wengi wanajua neno «daktari» na neno «infirmie» tu. Halafu mtoto anakwenda kujiandikisha peke yake, anafuata rafiki kwenye mstari, anajikuta katika idara asiyoijua.

Niseme ukweli wangu hapa. Nilipokuwa fakulte ya sheria, tulivaa kravati siku ya jaribio la kuongea mbele ya watu, na wale wa ISTM tuliwaita «wapiga sindano». Tulicheka. Wao saa kumi na mbili za asubuhi walikuwa hospitalini na bluzi nyeupe waliyoifua usiku, sisi bado tumelala. Nimejifunza kuona haya juu ya kicheko hicho, na mtasikia kwa nini.

Maternite ya ng'ambo ina vitanda viwili vya kuzalia na taa moja ya jua ambayo ikifika saa nane ya usiku inazimika. Infirmie mkubwa wa kituo, yule tunayemwita titulere, alinionyesha karatasi ambayo binti anaijaza kwa kila mama mwenye uchungu, partogramu. Kila nusu saa anasikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa ile paipu fupi ya mti, anahesabu kwa dakika moja nzima, anaandika. Kati ya 110 na 160, mtoto yuko vizuri. Ukishuka chini au ukipita juu ukabaki pale, lazima afikiri haraka: ageuze mama alale kwa upande, amwite titulere, aombe moto ya kumpeleka hospitali kuu ya rejea. Mtoto akizaliwa, katika dakika ya kwanza mama anapigwa sindano ya ositosini ili tumbo la uzazi lijikaze na damu isimwagike. Sindano moja. Binti aliniambia kwamba chuoni waliisoma kwa Kifaransa, kwenye silabi, na aliipata kwa alama nzuri, lakini siku ya kwanza mkono ulitetemeka mpaka titulere akamshika kifundo.

Ndiyo maana masomo haya hayamalizikii darasani. Mwanafunzi wa sheria anaweza kufaulu bila kumwona mfungwa hata mmoja, na mimi nilifaulu hivyo. Mwanafunzi wa ukunga ana kitabu cha staji, na ndani yake kila uzazi aliofanya unatiwa sahihi na mkubwa wake. Bila kitabu kujaa, hakuna lisansi. Na kitabu hakiwezi kujaa mahali wamama wawili wanajifungua kwa mwezi. Chuo kilimtuma ng'ambo kwa sababu kule kuna maternite, kuna titulere wa kumfundisha, na kuna wamama wengi. Hakuna aliyekaa kufikiri juu ya kabila lake. Pengine walipaswa kufikiri, angalau juu ya usalama wake njiani, hilo nitalirudia.

Titulere alinisimulia usiku mmoja. Bibi kizee alimleta mkazamwana wake, uchungu umeanza tangu asubuhi. Akamwangalia binti, akasikia namna anavyotamka, akamuuliza: «Wewe ni wa wapi?» Binti hakusema uongo. Bibi akatoka nje akaketi kwenye jiwe, akakaa pale mpaka karibu na mapambazuko, amefunika kichwa kwa kitenge. Mtoto alipolia, akaingia. Hakusema asante. Alimchukua mtoto, akampima kwa mikono yake, akasema: «Ni mzito.» Akatoka naye kumwonyesha jua. Basi. Juma lililofuata alimleta mwanamke mwingine.

Wandugu, sisi wa Ituri hatuhitaji mtu wa Kinshasa kuja kutufundisha kinachotokea vita ikiingia hospitalini. Nyankunde tunaijua. Mahali pale palikuwa na hospitali kubwa ya kimisioni, na shule ya kutayarisha infirmie, na vijana wa makabila yote walilala katika bweni moja, wakashika mgonjwa mmoja, huyu kichwa, huyu miguu. Tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka 2002 washambulizi waliingia. Wagonjwa waliuawa katika vitanda vyao, kwa kuchaguliwa kabila. Mauaji yaliendelea siku nyingi, na wengine walitembea kwa miguu mpaka Oicha, wamebeba wagonjwa. Sitataja makabila hapa. Mnayajua, na kila upande una orodha yake ya mwaka ule na ya miaka mingine. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Ninakumbuka mjomba wangu, mwenye jeraha la panga begani, akifungwa bendeji kando ya barabara na kijana aliyetoroka shule ile, amevaa bado bluzi. Mjomba alimuuliza jina lake, kijana akajibu: «Tulia kwanza.» Mpaka leo hatujui alikuwa wa kabila gani, na mjomba bado analima.

Sasa sheria. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949, katika kifungu cha 3, yanadai kwamba majeruhi na wagonjwa waokotwe na watunzwe, hata katika vita isiyo ya inchi na inchi, vita kama zetu. Protokole ya Pili ya mwaka 1977, katika kifungu cha 10, inaongeza jambo ambalo naomba wazee walisikie vizuri: mtu asipewe malipizi yoyote kwa sababu alifanya kazi ya tiba kulingana na desturi njema za kazi hiyo, hata aliyetibiwa awe nani. Hata awe nani! Walioandika hivyo walikuwa wametoka katika vita zao, walijua namna jirani anavyomwangalia mtu aliyemfunga bendeji adui.

Mtaniambia: Metre, hayo ni ya wanajeshi. Sisi hatukumpiga binti, tunaacha kulipa tu. Ni kweli, kumnyima mtu mchango si kosa la vita, wala sitawatisha kwa maneno makubwa. Lakini angalieni sababu. Mngeacha kulipa kwa kuwa makala haiuzwi, nisingesema kitu. Mnataka kuacha kwa kuwa alimtibu mtu fulani. Hiyo ni adhabu, na anapewa kwa kazi ileile ambayo tunataka wenye silaha waiheshimu. Tarehe 19 mwezi wa 4 mwaka 2019, wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya chuo kikuu kule Butembo. Ebola ile ilianza kutangazwa mwezi wa 8 mwaka 2018, ikaisha mwezi wa 6 mwaka 2020, na watu 2.287 walikufa. Wengi wetu tulilia juu ya daktari yule tukauliza, mtu anawezaje kumuua mganga? Mambo hayaanzi na risasi. Yanaanza watu wanapokaa chini ya mti na kuuliza: huyu mganga ni wa nani?

Juu ya swali la pesa nilijibu komite hivi. Kitabu cha tatu cha sheria zetu za kiraia, ambacho kimetoka mwaka 1888 na bado kinatumika, kinasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya. Mliandika prosè-verbali. Mlitia sahihi kwa miaka mitatu. Hamkuandika «tutalipa ikiwa atazalisha wa kwetu tu». Kwa hiyo pesa iliyokwisha kutumika kwa kazi mliyokubaliana, kwa maoni yangu hamwezi kuidai. Na pesa ya transhi iliyobaki mliiahidi. Sitamshauri binti awashtaki. Mtoto kupeleka wazee wake tribinali, hiyo inavunja nyumba zaidi kuliko deni. Lakini nilitaka wajue kwamba karatasi ile waliyoitia vidole si karatasi ya bure.

Mkutano wenyewe ulikuwa mgumu. Mzee mmoja alisimama, akaniambia mbele ya wote: «Watoto wangu wawili wamezikwa kule ng'ambo, na sijui hata kaburi liko wapi. Wewe unaniambia nitoe franka 500 ili watoto wao wapate kuishi?» Watu walinyamaza. Nilikuwa na Mapatano ya Geneva katika mfuko, na sikuyatoa. Nilimwambia tu: «Pole, mzee.» Sina jibu lingine kwa swali lile hata leo, na mtu wa radio anayejidai kuwa nalo msimwamini.

Aliyejibu ni mama mmoja aliyekuwa nyuma, ana mtoto mgongoni. Alisema msimu wa mvua uliopita jirani yake alijifungua katika hema, mtoto akatoka vizuri, na damu haikukoma. Walimwita yule kijana anayeuza dawa kwenye meza barabarani. Alileta vidonge vya homa. Kufika kwa moto, mama alikuwa amekwisha. «Sindano ile Metre anayoisema,» aliuliza, «ingekuwa bei gani?» Nilimwambia bei ya sindano si kubwa, kinachokosekana ni mtu anayejua lini kuipiga na namna ya kuikamata tumbo kwa mkono huku anangoja. Mtu huyo wanamtayarisha wao wenyewe, na anajifunzia ng'ambo kwa sababu hawana mahali pengine pa kumfundishia. Binti akikatwa sasa, site itabaki na mwanafunzi wa mwaka wa tatu asiye na cheti, na yule kijana wa meza atabaki daktari wao.

Kuna waliosema pia kwamba binti ataolewa aende. Inawezekana. Watoto wa kiume nao wanaenda, tena hawarudi hata kusalimu, na hakuna anayewadai.

Sasa niongee na jamaa nyingine zinazosikiliza, zenye mtoto anayetaka masomo haya na hazijui pa kuanzia.

Neno la kwanza ni vyeti. Binti huyu alikimbia usiku, na diploma yake ilibaki katika sanduku lililoungua. Alikaa mwaka mzima akifikiri masomo yamekwisha, kwa sababu mtu fulani alimwambia lazima arudi kijijini kwenye shule yake kuomba cheti kingine. Shule yenyewe haina paa! Sikilizeni. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohama ndani ya inchi yao, katika kanuni ya 20, zinasema kwamba wenye mamlaka wawape watu hao vyeti vipya badala ya vilivyopotea, bila kuwawekea masharti yasiyo ya haki kama vile kuwalazimisha kurudi walikotoka. Mapatano ya Kampala, yaliyopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2009, yanasema hivyohivyo katika kifungu cha 13. Basi mtoto aende kwenye ofisi ya komini au ya mji kuandikisha upotevu wa vitambulisho, kisha aende kwenye ofisi za elimu za provense na za wainspekta, pamoja na jina lake kamili kama lilivyoandikwa kwenye fomu ya mtihani, jina la shule, seksioni, mwaka na asilimia aliyopata. Majina ya waliofaulu yanaandikwa kwenye palmaresi. Hayakuungua katika sanduku lenu. Prefe wa zamani akiwa hai na amehamia site nyingine, mtafuteni, neno lake linasaidia. Binti alienda mara tano. Mara ya nne alimkuta mtu aliyetaka «bia». Mara ya tano alikwenda na mjumbe wa komite, na bia haikutajwa tena.

Nawaomba pia, weka picha ya vyeti katika simu za watu wawili au watatu, tena si wote wa hema moja.

Neno lingine, chuo chenyewe. Kuna nyumba zilizopaka rangi nyeupe, zikaandika «Sayansi za Afya» juu ya mlango, na hazina idhini. Mtoto anasoma miaka mitatu, anapewa karatasi ambayo hakuna hospitali inayoipokea. Mbele ya kutoa franka hata moja, mzazi aombe kuona arete ya waziri inayoruhusu chuo hicho na idara hiyo hasa, aandike nambari yake na tarehe, aulize kwenye chuo cha serikali kama inajulikana. Aulize pia wanafunzi wanafanyia staji hospitali gani. Wakisita kujibu hilo la pili, chukua mtoto wako mwende. Na kwa waliochagua uuguzi, mjue kwamba tangu sheria ya mwaka 2016 kuna Orda ya wainfirmie katika inchi yetu. Karatasi ya chuo kisichojulikana haitakufikisha mbali pale.

Pesa haimaliziki kwenye minervali. Kuna bluzi, kuna silabi, kuna glavu ambazo mara nyingi mwanafunzi ananunua mwenyewe, kuna moto ya kwenda staji, kuna kula. Komite nyingi zinahesabu minervali tu, halafu mtoto anashinda njaa kwenye zamu ya usiku. Ulizeni mapema kama chuo kinapokea kwa transhi, na tarehe za transhi ziandikwe ukutani kwa mwenye kuweka sanduku. Risiti zikae kwa mtu mmoja, daftari ya michango kwa mwingine.

Na Kifaransa. Masomo yote ni kwa Kifaransa, na watoto wetu waliokaa miaka miwili, mitatu bila shule wanakisahau. Waliofaulu zaidi katika site hii ni wale waliokutana jioni kusoma kwa sauti, hata kama ni gazeti la zamani la kufungia samaki.

Kwenu wachefu na wakubwa wa site, nina ombi moja la wazi. Mtoto anapokuja kuomba barua ya kumtambulisha, anahitaji sahihi yenu, na wengine mnamuuliza kwanza baba yake alitoka wapi. Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, kifungu cha 13, inakataza kumbagua Mkongomani yeyote katika mambo ya elimu kwa ajili ya dini, asili ya jamaa yake, hali yake, makao yake au kabila lake. Makao, wandugu: hema pia ni makao. Barua hiyo haina bei, na mtoto wa kabila lingine aliyekuja na ombi lilelile anapewa barua ileile.

Na juu ya usalama, nilisema nitarudi. Kumtuma mwanafunzi ng'ambo bila kuongea na wazee wa pande mbili ni hatari ambayo haikuhitajika. Nilimwambia titulere hivyo, naye alikubali. Alimwita chefu wa kijiji, na chefu akasema mbele ya watu kwamba binti ni mgeni wake, atakayemgusa amemgusa yeye. Akataka komite ya site nayo itume mtu mmoja kuja kuona anapolala. Mpaka ninaposoma maneno haya, aliyejitolea kwenda ni yule mama mwenye mtoto mgongoni. Mtu wa pili anatafutwa.

Komite itakaa tena Jumamosi. Wanne kati ya saba wameniambia watalipa, wawili wanasema wanangoja kuona. Mzee aliyeuliza swali lile bado amekataa. Ni mmoja wa wale saba, na sitamtangaza kuwa mtu mbaya hapa kwenye radio. Alinipa mkono nilipokuwa naondoka. Mwisho wa kulipa transhi ni Ijumaa ya juma linalofuata. Kama kuna wasikilizaji wanaotaka kuongeza kitu, wasilete pesa hapa radio, hatupokei pesa. Wampelekee mwenye sanduku wa site yao wenyewe, maana karibu kila site ina mtoto kama huyu, na wengine hawana hata barua ya kuwaandikia.

Juma lijalo tutasoma barua ya baba mmoja ambaye shamba lake lililimwa na jirani wakati alipokuwa amehama, na sasa wote wawili wanadai mavuno. Mimi nimekuwa nanyi. Usiku mwema.